Uso wa Mama kwa Mchoraji wa Vibao

Picha ya pekee ya mama iliyobaki ilikuwa ile ya kadi ya mpiga kura, nayo ilikuwa imefutika. Wananchi wenzangu wanazijua kadi hizo: jina linasomeka, namba inasomeka, lakini mahali pa uso pamebaki ukungu mweupe, utadhani Jamhuri imejuta kukutambua. Picha nyingine tuliziacha Eringeti siku tulipokimbia vita, na nyumba ile haipo tena. Mwaka wa msiba ulikuwa unaisha. Misa ya kuondoa matanga ilikuwa Jumamosi, Beni, uani kwa kaka yangu mtaa wa Beu, na kwetu matanga hayaondolewi bila uso wa marehemu kuwekwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Familia ikakaa, ikaamua mama achorwe. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa Butembo, mjini kwenye wachoraji, tena nilikuwa nimeandika tasnifu ya kurasa themanini juu ya namna akili inavyoona kisichokuwepo, kazi ikaniangukia.

Kurasa zile nilizionea fahari kupita kiasi. Niliwapanga mstari wazee wa Ulaya: huyu anasema picha ya akilini ni mabaki ya kile jicho lilichoona, kama bugali, ugali wetu, wa jana; yule anabisha, anasema si kitu hata kidogo, ni tendo, ni fahamu inayokielekea kilicho mbali. Niliwagombanisha, nikawapatanisha kwenye hitimisho, na walimu wakanipigia makofi. Mimi mwenyewe nilijipigia kimoyomoyo.

Mchoraji niliyempata alikuwa mtu wa vibao vya saluni, maduka ya dawa na wachinjaji. Ng'ombe wake wote walitabasamu. Alinikalisha kwenye kibao kisichokauka rangi vizuri, akachonga penseli.

«Haya, monsieur le philosophe, mwenye falsafa, funga macho, umuone mama yako. Puwa yake iko namna gani?»

Nikafunga macho.

«Iko puwa ya kawaida.»

«Kawaida ya nani? Ndefu? Ya kulala?»

«Hapana ndefu sana.»

«Na macho?»

«Ilikuwa mbili.»

Akaweka penseli chini.

Si kwamba sikumjua mama. Niliweza kumwambia kwamba alikuwa na kovu kidevuni, la jembe, alilolipata kijijini Kipese akiwa msichana. Kwamba aliwagombeza kuku kwa Kinande na sisi kwa Kiswahili. Kwamba njiani alitangulia kila mtu, hata padri. Mchoraji alichukua kovu, mengine akaniachia.

«Mais, kwani wewe hapana muona?»

«Nimuone wapi?»

«Mu kichwa!»

Nikacheka. Nilidhani watu husema «namwona akilini» vile wanavyosema moyo umepasuka, na hakuna anayeinama kuokota vipande. Yeye hakucheka. Aliniambia akifunga macho mama yake anakuja na kitambaa chake cha manjano, anasonga bugali. Akamwita jirani yake kinyozi, naye akathibitisha: anaona, tena kwa rangi. Wote wawili wakaniangalia kwa huruma. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye giza kichwani wahenga hawakumwachia methali. Kumbe kurasa zangu themanini zilihusu soko ambalo kila mtu mjini ameingia isipokuwa mimi.

Nilicheka tena, kisha nikaogopa. Kadi ilikuwa imefutika, na kichwani mwangu hamkuwa na kitu. Mama hakuwa na uso mahali popote nilipoweza kumfikia. Iliniuma vibaya, na sikuwa na neno la kigeni la kuifunika.

Nikamfuata sokoni mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, muuza viazi. Alimwachia jirani viazi vyake, akaja, akakaa, akafumba macho na kusema kama saa nzima bila kumeza mate: paji la uso, nyusi, shingo. Penseli ilikimbia. Mchoraji alipogeuza karatasi, mama mdogo alishika kichwa kwa mikono miwili.

«Njo yeye, ndiye! Dada yangu kabisa!»

«Hapana,» nikasema.

Sikufikiri. Neno lilitoka lenyewe.

«Hapana nini?» mama mdogo akawaka. «Wewe mwenye ulisema macho ilikuwa mbili?»

«Hapana wapi?» mchoraji akauliza.

«Mashavu.»

Akafuta, akachora. Hapana. Akayapunguza. Hapana. Polepole nikaelewa kilichotokea: mama mdogo alikuwa ametuletea msichana wa Kipese, kabla ya arusi, kabla ya watoto sita na miaka ya kakao Eringeti. Alimwona vizuri mno yule, hata wa baadaye hakupata nafasi. Mimi sikumwona hata mmoja, lakini kila karatasi ilipogeuzwa nilijua. Nilijuaje, sijui. Niliwaita wazee wa Ulaya wote, hakuitika hata mmoja.

«Kope ishuke kidogo,» nikasema. «Ya kuume.»

Mama mdogo alisonya. Kisha, kwa sauti ya chini, akamwambia mchoraji, «Na hapa alikuwa amekonda. Iko kweli. Alikonda.»

Ikabaki midomo. Hapana, hapana, hapana. Mchoraji akaivuta pembe ya kushoto chini, kidogo tu, midomo ya mtu anayetaka kukugombeza lakini amechoka.

Na mama akawa ananiangalia.

Nililia kwa sauti, mbele ya kinyozi na mteja wake mwenye kichwa kilichonyolewa nusu. Nikafunga macho: hayupo. Nikafungua: yupo. Nikafunga tena. Nilitaka walau mara moja abaki ndani, hata kivuli chake, hata hiyo kope. Nikafungua, nikafunga. Mama mdogo akanishika shavu kwa mkono wenye udongo wa viazi.

«Hapana funga tena, mutoto yangu,» akasema. «Muangalie.»