Kilio cha Kwenye Santuri

Harufu ya nta ya sakafu ikinifikia, hata leo hapa Mbeya, mgongo wangu hupata baridi. Chumba cha Mwalimu Marta kilinuka hivyo. Alikuwa Mzungu, mwalimu wetu wa kushona kule kwetu Kilolo, na kila Ijumaa mchana alituita wasichana wanne kumsugulia sakafu: mimi, Odilia, Melania na Imakulata mwenye kovu kidevuni. Tukimaliza tulikaa mkekani, naye akazungusha mpini wa gramafoni na kutoa santuri kwenye mifuko yake ya karatasi. Hazikuwa nyimbo za kanisani. Zilikuwa michezo ya jukwaani, ambayo watu wake huimba badala ya kusema, na hata kwao, alituambia, si wengi walioijua. Mmoja ulionyeshwa majuma mawili tu ukafungwa. Huo ndio alioupenda kuliko yote.

Alitueleza kwa Kiswahili chake cha kuokota neno moja moja, kama mtu anayechambua mchele: huyu ni mchimba chumvi, huyu mkewe, hapa mgodi umemwangukia. Kisha mke akalia. Alianzia chini kabisa kifuani, akapanda, akakatika, akapanda tena, sawasawa na mama zetu msibani, ingawa maneno yake hatukuyajua hata moja. Melania alificha uso kwenye sketi. Halafu sindano ikabaki inakwaruza, kwa sababu santuri iliyofuata ilivunjika safarini. Kwa hiyo mchezo wetu uliishia hapo kila Ijumaa, kwenye kilio.

Nilikuwa na sauti. Nasema bila aibu, maana ndiyo iliyoniponza. Siku moja wakati wa palizi nilitumwa maji kisimani, chini ya nyumba yetu. Ukungu ulikuwa umefunga bonde lote, nikajiona niko peke yangu duniani. Nikatua ndoo, nikaweka mikono kichwani kama nilivyomwazia yule mwanamke, nikalia kilio chake chote. Kilinitoka vizuri mno. Nikarudia.

Kwetu ukisikia kilio unaacha jembe palepale, unafunga khanga kiunoni, unakwenda kilikotokea. Nilipopanda na ndoo yangu niliwakuta uani wanawake saba, wana udongo miguuni, mmoja na mzigo wa kuni, mwingine na ungo wa unga wa wafiwa. Jirani yetu, Mama Yusta, alikuwa ameshaanza kulia. Na kwenye kijia cha shambani akaja mama yangu anakimbia, analiita jina la baba. Baba alikuwa Mufindi kwenye mashine ya kupasua mbao, hatujamwona zaidi ya mwezi.

"Nani kaleta habari?" mama akamshika Mama Yusta mabega. "Sema! Nani kaleta?"

"Mie nimesikia kilio kwako, mdogo wangu. Nimeacha maharage motoni."

Ndoo ikaniponyoka. Wote wakageuka.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa naimba. Ni wimbo wa mwalimu."

Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga. Bibi, mama yake baba, alitoka jikoni taratibu, akatazama kuni, akatazama unga.

"Umemlilia nani, mjukuu wangu?"

"Mume wa yule mwanamke, Bibi. Ameangukiwa na mgodi."

"Nyumba hii ina mume mmoja," Bibi akasema, akaingia ndani.

Unga ule ulibaki kando ya mlango, hakuna aliyethubutu kuupika wala kuurudisha. Bibi alisema shule basi, nami nikaishia darasa la tatu. Siku zote zile nilikaa nikitazama barabara, na kila aliyepita amevaa kofia nilimwona ndiye anayeleta habari. Kanisani sikuimba. Niliiogopa sauti yangu kama mtu aliyeona nyoka akiingia ndani na hajamwona akitoka.

Jumamosi ya pili baba akatokea, mbao begani. "Mbona unga mlangoni? Kafa nani?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia. Mama Yusta akaja mbio: "Shemeji, sisi tulishakulilia! Siku ukifa kweli usitusumbue." Wakacheka wote isipokuwa Bibi na mimi. Na tangu hapo, baba akikohoa tu, mimi nilitoka nje.

Aliishi mpaka akazeeka, akafa mimi nina wajukuu. Wanawake walinisubiri mimi, binti mkubwa, nianze. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu.

Sasa nakaa kwa mjukuu wangu Neema, ambaye husikiliza michezo ya namna ile kwenye simu. Mwezi uliopita nilimwimbia ile sauti, kwa chini sana, mlango umefungwa. Alitafuta siku mbili akaipata. Ilipofika kwenye kilio nilishika mkono wa kiti. Ikapanda, ikakatika, ikapanda. Halafu, pale palipokuwa na mkwaruzo, yakaja makofi ya watu wengi.

"Wanampongeza, Bibi. Kaimba vizuri."

"Na mumewe?"

"Si alishakufa." Neema akacheka. "Ni mchezo tu huo."

Aliirudia kwa sauti kubwa, dirisha wazi, na majirani zetu tumepakana nao ukuta kwa ukuta. Yule mwanamke akalia mtaa mzima usikie. Nikainuka, nikasogeza pazia, nikatazama geti kama nilivyotazama barabara siku zile. Nikasimama pale mpaka makofi yakaisha. Geti halikugongwa.

"Unamsubiri nani, Bibi?" Neema akauliza.

"Mama Yusta," nikamwambia.