Jeni Iliyopika Uji Mwingi

Jamani, msinicheke sana. Aibu ile hata leo ikinijia nikiwa peke yangu, nafunika uso. Ilikuwa miaka ya themanini, nafundisha shule ya wakimbizi huku Nakivale, Uganda, na mkuu wa sekondari moja ya Mbarara akaja kunisikiliza nikifundisha; nikimpendeza, kazi ya baiolojia ni yangu.

Somo lilikuwa namna jeni inavyotengeneza protini na kuacha zikitosha. Nikaona maneno matupu hayatoshi (mimi na ujuaji wangu!). Mama Furaha, mpishi wetu Mkongomani, awe jeni, uji wake uwe protini. Uji ukipungua mezani, mwanafunzi anampelekea jani, yaani leta. Ukizidi, anampelekea kijiti, yaani acha. Rahisi! Ila moshi usije ukamsumbua mgeni, nikahamishia jiko kule chini karibu na ziwa, mbali na darasa lililo kilimani. Hapo ndipo nilipojiharibia.

Mgeni akakaa na suti yake ya krimu. Natuma mwanafunzi na jani, uji hauji. Nikapeleka la pili, la tatu, la saba, na wajumbe wengine wanakimbia, wengine wanasimama kutazama ng'ombe, mmoja kapoteza jani akachuma mawili (ovyo-ovyo hiyo wataalamu wanaiita kelele, hata kama hakuna sauti). Kumbe uji ulikuwa njiani! Ukafika wote kwa mpigo, ndoo baada ya ndoo, nikatuma vijiti vyote nilivyokuwa navyo na ndoo bado zinapanda kilima, hadi moja ikammwagikia mgeni mapajani.

"Mama Furaha, umefanya nini?" nikamuuliza alipopanda na ndoo ya mwisho.

"Mwalimu, weye ulituma majani mingi, na mi nilipika mingi!" Vijiti vilipomfikia, alizima moto kwa maji, na wanafunzi waliokuja kunywa baadaye wakakuta sufuria tupu.

Mgeni akajipangusa. "Mimi sasa naelewa. Habari nachelewa, mara uji iko mingi, mara hakuna kabisa. Jibu yako takuja na barua."

Wiki mbili, kimya. Hasira zikanipanda, nikampa dereva wa lori barua: kama kazi ni ya wenye suti safi, baki nayo! Kesho yake ikafika barua ya mkuu, iliyokuwa imezunguka njiani siku zote hizo: "Somo lile sitalisahau. Anza Jumatatu."

Nikadandia lori la ndizi za matoke hadi Mbarara. Nikamkuta na barua yangu mkononi, na mwalimu mwingine yuko darasani. Siku hizi nikingoja jibu, barua ya hasira siandiki, hata nikonde.