Mwaka Nilipolamba Aiskrimu ya Halima

Enzi zetu pale Bulla Pesa, mtaani kwetu Isiolo, mtu hakwenda Nairobi. Alikwenda Kenya. "Baba Shukri ameenda Kenya," majirani waliambizana, kana kwamba Isiolo ilikuwa nchi nyingine yenye bendera yake. Watoto wa siku hizi ukiwaambia hivyo wanacheka. Wao wanapanda gari alfajiri, wanakula chipsi Nairobi saa sita, na jioni wako nyumbani wamenuna kwa sababu simu imeisha chaji. Kwetu sisi, kwenda Kenya lilikuwa jambo la kufuliwa nguo, kusukwa nywele na kuombewa dua mlangoni.

Baba yangu alikuwa na lori. Babu aliletwa Isiolo na Waingereza akiwa askari, akastaafu hapo hapo, na watoto wake wakaingia katika biashara ya ngozi na usafirishaji. Lori letu liliandikwa SUBIRA juu ya kioo cha mbele, na subira lilikuwa nayo kweli. Kwenye mlima wa kuelekea Nanyuki ungeweza kushuka, ukatembea kando yake ukinyoosha miguu, kisha ukalipanda tena bila kukimbia. Lilibeba ngozi za mbuzi na ng'ombe, na harufu yake tuliizoea kama wengine wanavyozoea harufu ya mkate.

Miaka hiyo ya sabini Ramadhani ilikuwa imeangukia mwezi wa tisa na wa kumi, wakati Isiolo ina upepo wa vumbi asubuhi na jua kali mchana, na kila mtu anatazama mawingu akiuliza mvua ndogo imepotelea wapi. Kufunga katika hali hiyo si mchezo. Sisi watoto tuliruhusiwa kufunga nusu siku. Leo nusu, kesho nusu, na Ayeyo, yaani nyanya yetu mzaa baba, alisema atazichukua zile nusu mbili azishone ziwe saumu moja. Niliamini kabisa kwamba ana sindano ya kazi hiyo.

Lakini mwaka nilipotimiza miaka tisa nilikataa kushonewa. Nilitaka mwezi mzima. Na sababu, Mungu anisamehe, haikuwa pepo. Ilikuwa honi.

Kila Idd, baada ya swala na pilau, Baba aliwapakia watoto wa mtaa nyuma ya Subira akawapeleka mtoni, Ewaso Nyiro, wacheze kwenye mchanga na kuogopa mamba. Kule nyuma kulikuwa na kelele, vumbi na ile harufu yetu. Mbele walikaa Baba, Ayeyo na mtoto mmoja tu, yule aliyefunga mwezi wote bila kukosa. Mtoto huyo ndiye aliyepiga honi kutoka Bulla Pesa mpaka mwisho wa mji, na kila aliyekuwa barabarani aligeuka kumtazama. Mwaka uliotangulia alikuwa Halima, binti ya amu yangu, aliyenizidi mwaka mmoja. Alivyoipiga honi ile ungedhani lori amelinunua yeye. Mwaka huo wangu homa ilimshika mapema, akala siku mbili, akawa ametoka mashindanoni. Tangu hapo akajifanya askari wangu. Nikienda kuoga alisimama mlangoni kusikiliza kama ninameza maji.

Basi katikati ya mwezi Baba akatangaza kwamba anapeleka ngozi Kenya, na kwa kuwa ilikuwa wiki ya maonyesho ya kilimo, ambayo sisi tuliyaita shoo, angetuchukua mimi na Halima tukaone dunia. Sikulala vizuri mpaka siku ya safari. Ayeyo alikuja mlangoni akatushika vichwa akatuombea. Siku zote alisema nasi Kisomali, isipokuwa akitoa amri au hukumu. Hapo alitumia Kiswahili cha kambini alichofundishwa na marehemu babu, na hakuna mtu aliyethubutu kucheka.

"Toto hii nafunga," akamwambia Baba, akininyooshea kidole. "Wewe hapana haribu."

"Sawa, Mama," Baba akasema, akipanda lori.

Lakini Baba alikuwa mtu wa ruhusa. Hata mlima hatujaumaliza akaanza. "Msafiri ana ruhusa," akasema huku akimenya ndizi. "Utalipa siku zingine, Shukri. Dini si ngumu, watu ndio wagumu." Halima hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Tulipofika Karatina alikula ndizi tatu, polepole, akinitazama. Mimi nilitazama barabara. Nilimeza mate mpaka nikakumbuka kwamba Ayeyo alisema mate mengi nayo ni tamaa, nikaacha kumeza, na hapo shida ikawa nyingine.

Nairobi ya mwezi wa kumi, jamani. Miti ya jakaranda ilikuwa imechanua, na maua ya zambarau yamejaa barabarani mpaka lami haionekani. Halima alitoa kichwa dirishani akauliza kwa mshangao wa kweli: "Amu, kwani hapa hakuna mbuzi?" Baba alicheka mpaka akapunguza mwendo, na dereva wa nyuma akatupigia honi. Halima hakuwa amesema upuuzi. Isiolo maua yale yasingefika saa nne asubuhi. Baba alituzungusha katikati ya mji tukahesabu ghorofa mpaka shingo zikauma, kisha tukaenda kulala Eastleigh kwa shangazi, ambaye kazi yetu kubwa nyumbani kwake ilikuwa kuwasha taa na kuzima, kuwasha na kuzima, mpaka akatutoa nje.

Kesho yake, baada ya daku, tukaenda shoo. Sijui nianzie wapi. Kulikuwa na ng'ombe waliooshwa wakang'aa kuliko sisi, wamefungwa utepe wa rangi. Kulikuwa na bendi ya askari yenye ngoma ambayo unaisikia tumboni, na tumbo likiwa tupu unaisikia zaidi. Kulikuwa na kofia za karatasi, maputo ya rangi, na ngamia mmoja ambaye watoto wa Nairobi walipanga foleni kumpanda wakipiga mayowe. Tulimtazama ngamia yule kwa huruma, kama mtu wa nyumbani uliyemkuta mjini akifanya vibarua. Watu walikuwa wengi ajabu, lakini sisi hatukusukumwa hata kidogo. Nguo zetu zilikuwa zimesafiri kwenye lori la ngozi, na popote tuliposimama watu waligeuza pua, wakasogea, wakatupa nafasi. Tuliona kila kitu tukiwa mstari wa mbele.

Tatizo lilikuwa moja. Kila banda liligawa chakula cha bure. Vipande vya mkate vilivyopakwa siagi, vikombe vidogo vya maziwa, juisi nyekundu, biskuti, peremende. Wenye mabanda walitabasamu na kunyoosha mikono, "Karibu, mtoto, onja." Halima alionja. Alionja, akazunguka nyuma ya banda, akarudi akaonja tena kama mgeni mpya. Mimi nilipokea kilichokuwa kikavu nikakifunga kwenye leso, nikasema asante. Mama mmoja wa biskuti aliniuliza kama naumwa. "Nimefunga," nikamwambia, na nilivyojivuna utafikiri nimemwambia mimi ni waziri. Baba kila nusu saa alinong'ona, "Ruhusa bado iko, Shukri." Nikatikisa kichwa. Nilikuwa nikiisikia honi masikioni.

Alasiri tukaenda uwanjani kutazama mbwa wa polisi. Baba alikuwa amemnunulia Halima aiskrimu, ya kwanza katika maisha yake, nyeupe, juu ya kibiskuti kilichokunjwa. Tulikuwa tumeisikia tu kwa watu. Halima alitaka kupanda uzio wa uwanja aone vizuri, na mikono miwili inahitajika kwa kazi hiyo. Akanipa nimshikie. Ni kushika tu. Kisha mbwa wakaanza kuruka katikati ya pete za moto, mmoja baada ya mwingine, na mimi maishani mwangu sikuwahi kuona mbwa anayetii chochote. Nilisahau Baba. Nilisahau Halima. Nilisahau Isiolo nzima. Jua lilikuwa kali, kitu cha baridi kikateremka mkononi mpaka kwenye kiwiko, na ulimi wangu ukafanya kile ambacho ulimi wa mtoto hufanya. Ukalamba mkono. Ukapanda juu ukalamba na chanzo chake.

Nilizinduka kwa sauti ya Halima. "Umefungua! Amu, Shukri amefungua! Na aiskrimu ni yangu!"

Nikatazama mkononi. Kilichobaki kilikuwa kibiskuti, tena chenyewe kimeng'atwa. Nililia. Nililia kwa sauti, pale mbele ya mbwa wa polisi, mpaka mmoja wao akageuza kichwa. Halima naye akalia, kwa aiskrimu yake. Baba akasimama katikati yetu, watu wakitazama, akajikuna kichwa. "Hii kesi ni kubwa kuliko mimi," akasema. "Hii ni ya Ayeyo."

Alitaka kuninunulia aiskrimu nyingine, maana kwa maoni yake sikuwa na cha kupoteza tena. Nilikataa. Sikuweka kitu kinywani mpaka adhana ya magharibi kwa shangazi, na hata hapo nilikula sambusa na zile biskuti zangu za leso bila furaha. Njiani kurudi siku iliyofuata niliendelea kufunga, ingawa moyo ulinambia nafunga bure. Halima alikuwa ameshaanza kuimba honi kwa mdomo. "Piii! Piii!" alifanya, kuanzia Nanyuki mpaka tunashuka kuelekea Isiolo. Chini kule mji wetu ulionekana mdogo, wenye vumbi, na kwa mara ya kwanza nilitamani usikaribie.

Ayeyo alikuwa amekaa kwenye mkeka uani akichambua mchele wa futari. Halima aliruka kutoka lorini kabla halijasimama sawasawa, akasema yote, mbwa, moto, kiwiko, kila kitu, na hakupunguza wala hakuongeza. Ayeyo akaweka ungo chini. Baba akavua kofia. Mimi niliambiwa nisimame mbele ya mkeka.

"Wewe toto. Sema kweli. Wewe nasahau, ama wewe nakumbuka?"

"Nilisahau, Ayeyo. Wallahi nilisahau."

Alinitazama usoni. Macho yake yalikuwa na utando wa uzee, lakini hakuna uongo uliowahi kupita hapo. "Basi hiyo hapana kufungua," akasema. "Mtu nasahau, nakula, Mungu ndio nalisha yeye. Saumu iko."

Nikakaa chini pale pale. Ayeyo akachukua ungo wake, akachambua kidogo, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Mungu nalisha wewe nini?"

"Aiskrimu, Ayeyo."

Mkono wake ukasimama. "Mimi nafunga tangu Mwingereza iko hapa," akasema taratibu. "Hata siku moja Mungu hapana lisha mimi aiskrimu."

Baba alitoka nje haraka, na tulimsikia akicheka nyuma ya lori mpaka akakohoa. Halima hakucheka. "Na mimi je? Ilikuwa yangu!" Ayeyo akamgeukia. "Wewe nalisha mtu iko na saumu. Thawabu yako kubwa sana." Halima akafikiri, akauliza kama thawabu hiyo inapiga honi. Ayeyo akasema inapiga, lakini wakati wa kurudi.

Hivyo ndivyo Idd ile kiti cha mbele kilivyobeba watu wanne. Niliipiga honi kutoka nyumbani kwetu, nikapita nayo sokoni, nikapita nayo msikitini, watu wakatoka madukani, mbuzi wakakimbia, na Ayeyo amekaa kando yangu na shela yake mpya, ametazama mbele kama mke wa jenerali. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na nimeolewa, nimezaa, na nimekwenda Hija.

Katikati ya miaka ya themanini, nilipopata kazi yangu ya kwanza, duka moja la Isiolo likaleta friza na kuanza kuuza aiskrimu. Nilimpeleka Ayeyo nikimshika mkono. Alilamba mara moja, akafumba macho, akalamba tena. "Tamu," akasema. "Lakini hii nanunua wewe. Ile ya kulishwa lazima tamu zaidi." Mimi niliyezionja zote mbili, najua hakukosea. Mwaka uliofuata tulimzika.

Siku hizi Isiolo ina lami mpaka Moyale, na aiskrimu iko kila kona, hata ya maziwa ya ngamia, ambayo vijana wanaipiga picha mpaka inayeyuka. Wajukuu wangu wamekwenda Nairobi mara nyingi kuliko baba yangu, na hakuna aliyerudi akiuliza habari za mbuzi. Siwalaumu. Mtu aliyeonyeshwa kila kitu kwenye kioo cha simu atashangaa wapi? Halima anaishi huko huko Nairobi sasa, mwanamke mzito mwenye gari lake. Kila Idd asubuhi ananipigia simu, na kabla ya salaam aleikum anapiga honi.

Ramadhani iliyopita nilisinzia mchana, nikaamka, nikakuta kikombe cha chai kilichobaki tangu daku, nikanywa. Nilikuwa nimefika nusu ndipo mjukuu wangu Amina, mwenye miaka tisa na saumu zake kamili, akatokea mlangoni akashika kiuno. "Nyanya! Si umefunga?"

Nikamsimulia habari ya Ayeyo. Akanisikiliza vizuri, bila simu, nikashukuru. Kisha akauliza, "Sasa wewe Mungu amekulisha nini?"

Nikatazama ndani ya kikombe. "Chai baridi," nikamwambia. "Tena haina sukari."

Alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka naye, na katikati ya kicheko nikamkumbuka Ayeyo na ungo wake, macho yakanijaa machozi. Aiskrimu ya kununua ninaweza kuipata hata leo jioni. Ile ya kulishwa bado naisubiri.