Mashua Iliyokataa Kuanikwa

Mara ya kwanza Nekoye alipoingia yadi ya mbao ya Gachanja pale Gilgil, alizipita mbao nyoofu kana kwamba hazipo, akachutama kwenye rundo la kuni. Gachanja akamwuliza, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, mathe anatafuta nini. Nekoye akamwinulia tawi la mgunga lililopinda kama kiwiko.

"Huu ni ubavu wa mashua," Nekoye akasema. Ubavu uliokatwa kwa msumeno huvunjika. Uliojipinda mtini umeshazoea kupinda.

Papo hapo Gachanja akaacha kuyaita matawi yale kuni. Walivutana hadi chai ikapoa. Akauza matawi kumi na sita kwa bei ya mbao, lakini mwanamke huyo akaondoka pia na mti mrefu wa mlingoti, bure. Gachanja akabaki akijiuliza nani kamla mwenzake.

Nekoye alikuwa binti wa fundi wa mashua wa Port Victoria. Miaka tisa alifungasha maua Naivasha, kisha akaacha ajira ili aunde mashua yake ya tanga. Hakujiachia mlango mwingine. Kwa hiyo tamasha la mashua za tanga lilipotangazwa pale ziwani Naivasha, na mshindi kuahidiwa kazi ya kubeba wageni wa hoteli mwaka mzima, alijiandikisha wa kwanza.

Ijumaa ya tamasha Gachanja alipeleka mbao za jukwaa. Akakuta mashua kumi zimepandishwa juu ya mapipa, nchi kavu, kwenye jua la Februari, wageni wapige picha mpaka mashindano ya Jumapili. Ya Nekoye peke yake ilikuwa majini. Jerry, mwenyekiti wa kamati, viatu vyeupe, alimwamuru aitoe.

"Boss, mashua ya mbao ikikauka maungio yanaachana. Jumapili mtapakia watu kwenye chujio."

Jerry akamwambia aache kufundisha kamati, akafuta jina la Nekoye kwenye orodha ya mashindano.

Gachanja alichemka. Mtu ambaye hajawahi hata kushika kasia anamfuta fundi! Lakini mbao zake zilikuwa bado hazijapokelewa kwa sahihi, na sahihi ilikuwa ya Jerry. Akainamisha kichwa, akaendelea kushusha mbao.

Jumapili, kabla ya nusu ya safari, mabaharia walikuwa wakichota maji kwa ndoo na sufuria. Mashua mbili zikazama. Nekoye, aliyewafuata bila nambari, akageuza tanga, akawaokota watu sita, na bado akafika gatini wa kwanza. Jerry akaipa ushindi mashua iliyofuata, imejaa maji nusu, kwa sababu ndiyo iliyosajiliwa.

"Na hawa sita niliowatoa majini, boss," Nekoye akauliza, "nao wamesajiliwa?"

Watu wakacheka. Uamuzi haukubadilika, na wageni hadi leo hubebwa na yule wa pili.

Ila Jumatano huyohuyo aliikokota mashua yake hadi kwa Nekoye izibwe nyufa, na wengine wakafuata. Nekoye akarudi Gilgil kutafuta mbavu. Gachanja akataja bei ya mbao.

"Ijumaa ulikuwepo," Nekoye akamwambia. "Nilikuona ukiinamisha kichwa. Leo nalipa bei ya kuni."

Gachanja, ambaye alikuwa hajawahi kushindwa na mnunuzi, akaanza kumpakilia matawi. Nekoye ana kazi ya kuziba mashua za washindani wake. Kazi ya wageni aliporwa mchana kweupe. Gachanja ana mteja wa kudumu, na matawi ya mgunga huyauza kwa bei ya kuni.