Mpiga Mbiu na Hati ya Tajiri

Tajiri mmoja wa Dunda, aliyenenepa kwa misafara ya bara, alitaka karamu ya arusi ya mwanawe itangazwe mjini. Kwa desturi yetu mpiga mbiu hupewa habari tu, sifa hutia mwenyewe. Lakini tajiri huyu haamini ulimi usiofungwa kwa karatasi. Nilikuwapo barazani kwa mwandishi, nikamwona tajiri akigonga mkeka kwa kidole.

“Andika: asizidishe neno wala asipunguze!”

Tajiri na mpiga mbiu wakatia mkono hatini. Mpiga mbiu hajui kusoma, basi akasomewa hati mpaka akaihifadhi, kama tulivyohifadhi sote Kurani chuoni.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, pembe ya nyati ikalia. Mzee mpiga mbiu akafumba macho, akaanza kuyumba kama mwanafunzi mbele ya mwalimu.

“Bwana huyu anamwoza mwanawe, watu wote waje. Mpiga mbiu amwite mkarimu mara tatu: mkarimu, mkarimu, mkarimu. Wala asitaje kwamba mbuzi wote wametolewa na shemeji yake wa Kaole.”

Tajiri akamkamata kanzu. “Mzee, una wazimu? Hilo lilikuwa lako wewe, si la watu!”

Mzee akafumbua jicho moja. “Hati yasema nisipunguze neno, bwana. Nawe umetia mkono.”

Ndio matajiri wetu hawa: huogopa midomo ya watu, wino wao wenyewe hawauogopi. Karamuni tulijaa tele. Kila aliyeshiba alinawa mikono, akampita tajiri mwenye arusi, akaenda kumshukuru shemeji.