Mti wa Mgeni

Sabuni niliyonunua jana inanukia mkaratusi wa ndimu. Niliifungua bafuni, na roho ikaniuma kama siku ile.

Baba alikuwa mtunza bustani ya miti ya parokia, juu ya kilima cha Ngara. Rafiki yake alipokuja na familia kutoka Mwanza, tulishinda nao huko kutwa. Binti yao, wa umri wangu, alichuma jani la mkaratusi niliokuwa nikiumwagilia tangu ukiwa mche, akalifikicha, akanusa.

"Eti baba, huu mti ni wa nani?"

"Ni wako, mama," baba akamjibu.

Nikamvuta shati. "Na wangu?"

"Wewe si wa hapa hapa? Yote ni yako."

"Yote ndiyo upi?"

Wageni wakacheka, na baba akacheka nao.

Kiangazi kilipoingia, alinikabidhi ndoo. "Mwagilia mti wa mwenzio. Akirudi asiukute umekauka."

Hajarudi hadi leo. Mti umelipita paa la kanisa, na kila nikienda likizo baba huniambia twende tukauone mti wa yule binti.