Mwiba wa Saa Kumi

Zamani sisi watu wa redio tulitambuana kwa kikohozi tu. Siku hizi mtu haaminiwi mpaka kioo cha mashine kiseme.

Nyagoa ndiye aliyebaki na kazi ile hapa bandari ya mtoni Juba. Alikulia kambi ya wakimbizi Kenya, akarudi, akaolewa na Thok, nahodha wa tishari la mizigo na abiria. Kila saa kumi alasiri aliwasha redio na kuita matishari moja moja, jamaa za abiria wamejaa mlangoni. Mumewe Thok alikuwa wa mwisho kuitwa. Hawakuambiana mapenzi. Alimuuliza kina cha maji, naye akajibu. Hapo ndipo Nyagoa alipoweza kula.

Aprili akaja Edrine, fundi Mganda wa kampuni moja ya mtaa wa Amarat, na chombo cha kupimia masafa ya redio. Akakiweka kivulini barazani, hatua tatu tu kutoka antena ya Nyagoa. Kila Nyagoa alipobonyeza kuzungumza, mstari mrefu kama mwiba ulichomoza kiooni mwake, mahali pa masafa ya ndege. Akiachia, unatoweka.

"Mama, redio yako nachafua njia ya ndege. Mimi nafunga leo."

"Funga mdomo wako kwanza! Bwanangu ako huko kwa maji. Mzee Bona, si umwambie!"

Sikuweza kuendelea kukaa pale barazani. Redio niliisoma peke yangu, katika kitabu kisicho na jalada, na sura ya ishara za uongo niliikumbuka. Nikamuuliza Edrine kama ana kipunguza nguvu, kile kipande cha chuma kinachofungwa kati ya waya na chombo. Alikuwa nacho mkobani, bado kimo katika nailoni yake.

"Cha desibeli kumi hicho. Kifunge. Ishara ya kweli itashuka kumi. Ya uongo itashuka zaidi."

"Mzee, wewe nasoma chuo gani?"

"Kifunge."

Nyagoa akabonyeza. Ishara yake ikashuka kumi. Ya stesheni ya FM ya jirani ikashuka kumi. Mwiba ukashuka thelathini, ukapotea. Haukuwa hewani kamwe. Chombo kilizidiwa na nguvu za ishara hizo mbili za karibu, kikazichanganya chenyewe ndani.

"Banange," Edrine akashangaa kwa Kiganda. "Kumbe napima tumbo ya mashine."

Lakini picha ya kwanza alikwisha kuituma ofisini, kabla hata ya kunisalimia. Sisi wa zamani tulikuwa tukisikiliza siku tatu ndipo tunaandika neno. Edrine akapiga simu ofisini, akapiga tena. Wakamjibu kwamba barua ya kuifunga redio imeshatoka. Ijumaa wakaja watu wengine kutoka ofisini, wakaichukua redio.

Siku kumi na moja, ikifika saa kumi, Nyagoa aliketi mbele ya meza tupu. Tishari la Thok liliporudi, alifunga nguo zake katika shuka.

"Utafanya nini huko tisharini?" nikamuuliza.

"Nitakaa mahali naweza kumsikia, mzee."

Mara ya mwisho nilipowaona, tishari lilikuwa limeshageukia kaskazini. Thok alishika usukani, na Nyagoa, kwa sababu ya kelele za injini, alikuwa akimsemeza sikioni.